Wageni wa Tangi la Mama Ben

Watu wa Voi wana mengi ya kulalamikia, na ukiwapa nafasi watakutajia yote: jua, vumbi, ndovu, malori, na maji ya visima yenye chumvi ya kuharibu chai. Kwa hiyo siku Elsie Wakesho alipoingiza tangi la maji ya bahari ndani ya saluni yake, mtaa mzima ulipata burudani ya bure. "Mama Ben, kwani chumvi ya Voi haijakutosha?" wateja walimuuliza. Mwingine alitaka kujua kama hao samaki watachinjwa Krismasi. Elsie alicheka nao, akaendelea kusuka. Ni mwanamke wa mikono miepesi na ulimi mzito, na anayetaka kumjua hutazama anachofanya.

Alizaliwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, mahali ambapo mtoto hujifunza kusoma shamba kabla ya kusoma kitabu. Mahindi yakiharibiwa usiku, mama yake hakupiga mayowe. Alimshika Elsie mkono, wakazunguka shamba lote kwanza. Ndovu hung'oa bua zima na kuacha nyayo za ukubwa wa sinia. Nyani humenya hindi, akalionja, akalitupa kwa dharau. Nungunungu hukata bua chini kabisa, akala akiwa ametulia kama mwenye shamba. Viwavi hawana nyayo; hao huacha majani yenye matundu, na dawa yao ni jivu kidogo katikati ya moyo wa mhindi. Elsie alitia jivu mahindi mengi kuliko vichwa alivyosuka, na vichwa alivyosuka si haba.

Alikuja Voi akiwa msichana kujifunza ususi, akafungua saluni yake, akamlea mwanawe Ben peke yake mpaka kijana akapata kazi Nairobi. Kila alichopata kilikuwa na mwenyewe kabla hakijamfikia: karo, bati la nyumba ya mama, matanga, harambee ya kanisa. Kisha wanawake wa chama chake, walipochoka kununuliana masufuria, wakaamua kwenda kutembea kisiwani Wasini. Huko mwenye boti alimvisha miwani ya kuogelea akamwambia atie uso majini. Elsie alitia uso kwa hofu, akautoa analia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chini kule kuna mtaa mzima, wenye rangi na shughuli, na kila mkaazi na mlango wake. Alirudi Voi akawa hasikii la mtu. Alitaka kipande cha kile alichokiona, na alikitaka kwa ajili yake mwenyewe, bila sababu nyingine yoyote. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kutaka kitu kwa namna hiyo.

Waleed, kijana anayeuza vifaa vya samaki wa mapambo Mombasa, ndiye aliyemletea tangi la kioo, pampu, taa, chumvi ya kuchanganya, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kipande cha matumbawe chenye vidomo kama vifungo vya shati. Alimletea pia mawe. Haya ni mawe ya saruji ambayo vikundi vyenye kibali huyalaza chini ya bahari mpaka viumbe wayafanye makao, ndipo huuzwa. "Mamangu, ukinunua jiwe umenunua na waliomo," Waleed alimwonya. "Wengine watakuja kwako bila kualikwa."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Elsie alichukua tochi na kile kioo cha mkononi anachotumia kumwonyesha mteja kisogo chake, akachungulia nyuma ya mawe. Aliona vishungi vyekundu vinavyofunguka kama mwavuli na kufyata mara tu kivuli kinapopita. Aliona vidudu vidogo kama chawa vikirukaruka. Aliona kidude chenye mikono mitano kikipanda kioo taratibu.

"Hicho ni kiti cha pweza, mtoto wake," alisema Bi Mwanarusi alipoitwa kuangalia. Bi Mwanarusi ni Mvanga, mzaliwa wa pwani ya Vanga, anauza leso na udi duka la ubavuni, na mumewe Bwana Jaffar, Baba Nuha, ndiye mwenye jengo. Yeye na Elsie wamegawana ukuta na chai miaka mingi. "Na huyu?" Elsie aliuliza, akielekeza kioo kwingine. "Huyo simjui, mwenzangu. Kwetu tukimkanyaga tukapita." Wakacheka, na Elsie akampa mgeni yule jina la shangazi yake mmoja mnene wa Njukini.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila humo tangini kulikuwa na mgeni aliyeshika panga. Konokono waliowekwa kulamba uchafu wa kioo walianza kuokotwa wamekufa, magamba yao yamevunjwa. Vile vifungo vya matumbawe vikaanza kupungua, kimoja kimoja, kana kwamba kuna mtu anavikatia mkasi. Elsie alikosa usingizi. Kisha asubuhi moja akamkuta, mbele ya macho yake, juu ya gamba lililobaki tupu: mnyoo mrefu wa rangi ya waridi iliyofifia, mwenye manyoya meupe ubavuni huku na huku, akitambaa bila wasiwasi.

"Kiwavi!" Elsie alipayuka, na damu yote ya Makwasinyi ikampanda kichwani.

Alimshika kwa vidole vitupu. Manyoya yale yakamchoma yakabaki ndani ya ngozi, akashinda siku hiyo anayang'oa kwa kibano cha nyusi huku wateja wakingoja. Maumivu hayo ndiyo yaliyomwondolea huruma. Alipochungulia tena kwa kioo akaona wengine, kila tundu la jiwe lina wake. Akafanya ambalo mkulima yeyote wa kwao angelifanya. Alitoka nje kwa mchoma mahindi, akaomba jivu, akaenda akatia kidogo kidogo katika kila tundu, kama anavyotia katika moyo wa mhindi. Alijiona hodari. Hata wimbo aliimba.

Kumbe shamba ni shamba na bahari ni bahari. Haukupita muda maji yakawa meupe kama uji wa mgonjwa, na wale samaki wawili wakapanda juu wakitweta. Elsie alipiga ukelele uliomtoa Bi Mwanarusi dukani kwake mbio, leso moja imemdondoka njiani. "Toa samaki kwanza! Toa samaki, lawama baadaye!" Bi Mwanarusi aliamuru. Wakawahamisha kwenye beseni la kuoshea nywele, wakachota, wakamwaga, wakajaza maji ya chumvi yaliyokuwa ya akiba kwenye mapipa, mpaka wote wawili wakawa wamelowa kama waliovuliwa. Samaki wakapona. Vishungi, baada ya kununa kwingi, vikafunguka. Minyoo ndio waliokufa, tena ndani kabisa ya mawe, mahali ambapo mkono haufiki.

Harufu ilianza taratibu, kisha ikapoteza adabu. Ilipita ukutani ikakutana na udi wa Bi Mwanarusi, udi ukashindwa. Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliondoka amesukwa upande mmoja tu wa kichwa, akasema atamalizia siku nyingine. Ndipo Bwana Jaffar alipokuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, kwa maana ni mtu wa haya na saluni ya wanawake haingii.

"Mama Ben, mimi na wewe hatujapata kugombana," alisema kwa upole uliomuuma Elsie kuliko matusi. "Lakini wapangaji wa juu wamenijia, na wa nyuma wamenijia. Jumamosi nitaleta mkokoteni tulitoe. Uniwie radhi."

"Baba Nuha, nikilisafisha?"

"Ushalisafisha mara moja, tukafika hapa."

Alipoondoka, Elsie alimpigia Waleed na kumtumia picha ya mnyoo. Jibu lilikuja haraka. "Mamangu, huyo ni rafiki! Yeye anakula mizoga na masalio. Wewe umemkuta kwenye matanga ukadhani ndiye aliyeua. Hao ndio wafagiaji wa tangi."

Elsie aliona haya mpaka masikioni. Aliwatazama wale samaki wake wawili wakizunguka, akafikiria wafagiaji wote wale aliowazika hai kwenye jivu. Na kesho yake, kana kwamba aibu haijatosha, akaokota konokono mwingine amevunjwa. Minyoo wamekufa, na mwizi bado yuko kazini.

"Sasa huyo siwezi kumjua bila picha," Waleed alisema kwenye simu. "Huenda ni kaa, huenda ni kamba mkali. Kama huna muda, toa mawe uyachemshe. Atakufa yeye na kila kilichomo, uanze upya."

Elsie aliliazima sufuria kubwa la kanisa. Alilileta, akaliweka sakafuni, akalitazama. Kisha akalitazama tangi: vishungi vimefunguka, kiti cha pweza amefika pembe ya juu kabisa, shangazi wa Njukini ametulia mahali pake. Kuwachemsha hawa wote kwa kosa la mmoja? Ameshafanya hivyo mara moja. Alihisi afadhali mkokoteni. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia kidogo, bila sauti, na alipopangusa machozi akaanza kujigombeza kwa Kidawida, lugha anayoitumia akiwa na hasira ya kweli. Alikuwa ametia jivu kabla ya kuzunguka shamba. Mama yake angemchapa.

Basi akaanza kuzunguka. Alichukua kitana chake cha mkia mrefu, akasawazisha mchanga mweupe wa chini ya tangi kwa mgongo wa kitana, mpaka ukalala sawasawa, bila hata alama moja. Akafunga saluni akaenda kwake Mwakingali. Asubuhi alirudi mapema, akapiga magoti na tochi yake.

Mchanga ulikuwa umeandikwa. Hapa konokono amepita, njia yake pana na laini kama ya mtu aliyeburuta gunia. Pale samaki wamepepea na kuacha mabonde. Lakini kutoka kwenye jiwe la pembeni, lile lenye pango, zilitoka safu mbili za vitobo vidogo, kama vya sindano, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye gamba lililovunjwa, kisha zikarudi. Akalitoa gamba lile akaligeuza. Lilikuwa limemegwa kuanzia mdomoni, kipande baada ya kipande, kwa subira, kama mtu anayefungua mkebe. Elsie alisimama. Hii lugha aliijua.

"Bi Mwanarusi! Njoo usome!"

Bi Mwanarusi aliinama, akavaa miwani, akafuata vitobo kwa kidole. "Kaenda upande upande," alisema polepole. Kisha akajipiga paja. "Kaa! Wallahi huyu ni kaa! Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Ben, naye yumo kwenye jiwe lako mwenyewe."

Kumjua mwizi ni jambo moja, kumkamata ni jingine. Kaa huyo alitoka gizani tu, na Elsie jioni hurudi kwake. Basi kama usiku haumfai, ataufanya mchana uwe usiku. Aliacha taa za tangi zikiwaka usiku kucha, na mchana akazizima na kulifunika tangi lote kwa kitambaa cheusi cha buibui ambacho Bi Mwanarusi alimkatia kwenye jora. "Kaa hana saa," alisema Bi Mwanarusi. "Akiona kiza atajua kumekuchwa." Wateja walioingia waliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

Mtego wenyewe ulikuwa bilauri. Aliilaza kwa mshazari ikiegemea lile jiwe la pango, mdomo wake juu, na ndani kabisa akatia kipande cha kamba mbichi. Mwenye kuingia atateleza, na kioo hakipandiki. Tochi aliipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye lenzi, kwa maana Waleed alimwambia kaa hajali sana nuru nyekundu. Siku ya kwanza hakuna aliyetoka. Ijumaa gando moja lilijitokeza, likapapasa mdomo wa bilauri, likarudi ndani. Lilikuwa gando nene, lenye ncha nyeusi na manyoya. Elsie alimwota.

Jumamosi ikafika, na Bwana Jaffar akafika nayo. Nyuma yake alikuja Munyoki wa mkokoteni na mwenzake, wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Ndani kulikuwa na wateja watatu, mmoja yuko chini ya draya.

"Baba Nuha," Elsie alisema, "nipe muda wa chai moja tu. Ukimaliza kikombe na mimi sijamtoa, libebeni."

Bwana Jaffar alifungua mdomo kukataa, lakini mkewe alikuwa ameshatokea na kikombe mkononi na mahamri kwenye sahani. "Keti," alisema Bi Mwanarusi. Mtu mwenye akili hajibu sauti ya namna hiyo. Akaketi, mgongo amewapa wanawake, uso ameuelekeza kwenye kitambaa cheusi. Elsie akafunua upenyo mdogo akampa ile tochi nyekundu. "Tazama pale kwenye pango. Usipumue kwa nguvu."

Bwana Jaffar alipiga funda la kwanza la chai. Akapiga la pili. Kisha kikombe kikasimama hewani.

"Yupo," alinong'ona.

Elsie alichutama kando yake. Gando lilitoka kwanza, kisha la pili, kisha kichwa chenye macho mekundu, kisha mwili wa hudhurungi wenye manyoya, mpana kama kifuniko cha chupa ya soda mara mbili. Alipanda ubavu wa jiwe upande upande. Alisimama. Alirudi hatua. "Usirudi, mwanaharamu," alinong'ona Bwana Jaffar, mtu ambaye Elsie hakuwahi kumsikia akitukana. Draya ilizimwa. Mteja aliyekuwa chini yake alikuja na taulo lake, Munyoki akaingia mlangoni akisahau kwamba ni saluni ya wanawake, na wote wakajazana nyuma ya upenyo ule wakipumuliana visogoni.

Kaa alishika mdomo wa bilauri. Akatia mguu mmoja ndani. Akaonja maji. Kisha tamaa ikamshinda, akajirusha, na miguu yote ikateleza kwa pamoja hadi chini.

"Kaingia!" Bwana Jaffar alinguruma, akaruka kitini, chai yote ikamwagikia kanzu. "Kaingia! Kaingia!"

Elsie tayari alikuwa ametumbukiza mkono mpaka begani. Aliinua bilauri huku ameifunika kwa kiganja, akaishika juu ya kichwa chake, maji yakimtiririka kwapani, na humo ndani mwizi akigonga kioo kwa ghadhabu. Saluni ilipasuka kwa vigelegele. Bi Mwanarusi alipiga vya Kivanga, mteja mwenye taulo akajibu vya Kitaita, na Munyoki akampigia mwenzake makofi mgongoni kana kwamba wao ndio waliotega. Watu wa barabarani walikuja kuuliza ni nani aliyejifungua. Na Elsie Wakesho, mwenye ulimi mzito, alitoka hadi barazani na bilauri yake juu akauambia mtaa mzima: "Mimi ndiye niliyemkamata! Nimemsoma, nikamtega, nikamkamata! Njooni mumwone!" Alisema hivyo mara nyingi, na kila mara alifurahi upya.

Umati ulipopungua, Munyoki aliuliza basi wabebe nini. Bwana Jaffar alinusa hewa. Yale maji ya kubadilisha yalikuwa yamefanya kazi, harufu ilikuwa imebaki kidogo tu, na udi uliweza kuikabili. "Hakuna la kubeba," alisema. Kisha akamgeukia Elsie, akakohoa. "Mama Ben. Huyo mwizi utamfanyaje?"

"Sijui. Humu harudi."

"Nipe mimi," alisema Bwana Jaffar, akitazama pembeni kwa haya. "Nina mtungi wa kioo dukani. Ila unifundishe maji yake." Na hivyo ndivyo mwenye nyumba alivyotoka saluni ya wanawake kifua mbele, kanzu ina doa la chai, akibeba bilauri kwa mikono miwili, mkewe akimcheka nyuma.

Alasiri hiyo Elsie alivua kitambaa, akawasha taa, akachukua kioo chake cha mkononi. Samaki walikuwapo. Vishungi vilikuwapo. Alizungusha kioo nyuma ya mawe, na kwenye tundu moja kati ya yale aliyoyatia jivu, tundu ambalo aliamini kuwa ni kaburi, kitu cha rangi ya waridi kilijitokeza. Kilikuwa kifupi, kama kilichokatika kikaanza kuota upya. Kilitoa manyoya yake meupe huku na huku, kikatambaa polepole hadi kwenye kipande cha kamba kilichodondoka wakati wa vurugu.

Elsie hakusogea. Machozi yalimjia na hakuyazuia, maana yalikuwa ya furaha tupu.

"Kula, baba," alimwambia mnyoo. "Kula ushibe. Unisamehe, halafu ule."